Wageni Kwenye Mifupa ya Dada

Machi 3

Ni mimi. Nimezunguka na neno hili tangu asubuhi kama mtu aliyeficha pipi mdomoni, na kwa kuwa nyumbani kila mtu ameshalijua, nalimwaga hapa.

Dada ana saratani ya damu. Iligunduliwa mwaka jana, akapewa dawa kali zilizomwondolea nywele na nusu ya mwili, ugonjwa ukatulia. Ila Daktari anasema umetulia tu, haujaondoka, na ukirudi utarudi na hasira. Kinachobaki ni kumpandikizia seli shina za mtu mwingine, yaani zile seli changa za kwenye uboho, ndani ya mifupa, zinazozaa damu yote mwilini. Mtu huyo lazima alingane naye. Tulipimwa wawili, mimi na kaka yetu mkubwa, ambaye sote tunamwita Meneja kwa sababu hata kwenye msiba wa jirani yeye ndiye hupanga viti.

Meneja alikuja hospitali amevaa shati la kutokea. Kazini kwake, kule kwenye ujenzi anakosimamia mafundi, alikwishaaga kabisa. Daktari akafungua bahasha, akasoma, akamwangalia yeye kwanza.

"Wewe hulingani naye. Mdogo wako ndiye analingana. Kabisa."

Meneja akarekebisha kola. Akauliza kama Daktari ameangalia vizuri majina. Daktari akamwonyesha. Nilitaka kuruka, lakini huwezi kuruka mbele ya mtu ambaye shati lake limepigwa pasi namna ile. Nikasubiri tufike nje, nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikacheka peke yangu nimeinama.

Mimi. Kitinda mimba. Mimi ambaye nyumbani sikuwahi kukabidhiwa hata funguo za geti.

Machi 5

Mvua imeingia. Bango la duka la dawa nililolianza Jumatatu limechuruzika lote, herufi D imekuwa kama uso wa mtu anayelia. Nachora mabango, na wachora mabango msimu huu hukaa vibarazani kama kuku. Basi nitaandika hapa mpaka jua lirudi.

Machi 6

Mvua. Nimekula, nimelala, nimekula.

Machi 11

Leo nimepimwa kila kitu: moyo, mapafu, mkojo, hata meno. Mimi na sindano hatuelewani, nikatoa macho dirishani nikajifanya nasoma mawingu.

Halafu nikapelekwa maabara, kwa dada mmoja mfupi mwenye miwani mikubwa, wanamwita Fundi wa Leza. Kazi yake ni mashine ambayo kwa nje ni kama friji iliyolazwa ubavu. Nikamuuliza swali moja tu la kizembe, eti watajuaje kwamba seli watakazonitoa ni seli shina na si damu tu ya kawaida, maana damu ni damu. Akaweka kalamu chini. Niliona amefurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake.

Akasema kila seli ina ngozi, na kwenye ngozi hiyo kuna protini zimechomoza nje, aina kwa aina. Wataalamu wamezipa namba. Seli shina za damu huvaa ile ya thelathini na nne. Seli ikikua ikawa damu kamili, inaivua. Kwa hiyo wao wanachukua kingamwili inayong'ang'ania protini hiyo tu na si nyingine, wanaibandika rangi inayong'aa, wanaimwaga kwenye damu, kisha mashine inazipitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza. Inayong'aa imevaa thelathini na nne. Isiyong'aa, ipite.

Kumbe hawa ni wachora mabango wenzangu. Nimemwambia hivyo, akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Nikamuuliza ni rangi gani. Akasema wanazo nyingi, ila hii wanatumia ya chungwa. Nikamuuliza chungwa iliyokolea au ya kuelekea njano. Akaniambia kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna mgonjwa aliyewahi kumuuliza hivyo. Nikamwambia mimi si mgonjwa, mimi ni mtaji.

Sasa likaja la kunikata maini. Nikasema kwa mbwembwe, basi hiyo thelathini na nne ndiyo alama ya seli nzuri.

"Seli za ugonjwa wa dada yako nazo zilikuwa nayo," akasema. "Hiyohiyo."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Akanieleza kwamba protini yenyewe haina ubaya wala uzuri, inasema tu kwamba seli hii bado ni changa. Seli changa yenye afya hukua, ikaivua alama yake. Ugonjwa wa Dada ulikuwa ni seli zilizogoma kukua. Zikabaki changa, zikazaana hivyohivyo mpaka zikajaza nyumba. Ndiyo maana hawaangalii alama moja peke yake. Wanaziangalia kadhaa kwa pamoja, kama unavyomtambua mtu kwa sura na mwendo na sauti.

Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa na wala sikusikia baridi.

Machi 12

Nimemsimulia Mama yote. Amesikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimekula.

Machi 15

Nimemsimulia Dada naye. Yeye ni mpima ardhi, amezoea kutembea maporini na vyombo vyake akiwaambia watu wazima kwamba ukuta wao umeingia kwa jirani. Hakuna kinachomfurahisha kama mpaka uliochorwa vizuri. Alinikatiza mara kumi. Alitaka kujua protini hiyo imechomoza kiasi gani, na kama seli moja huwa nazo nyingi au chache. Sikujua. Akasema nikaulize. Mgonjwa ni yeye, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya nyumbani.

Machi 19

Meneja ametoa sheria. Nisilale baada ya saa nne. Nisile barabarani. Nisipande pikipiki. Nisikae karibu na mtu anayekohoa. Amezisema amesimama katikati ya sebule, funguo za gari mkononi, kama anayewasomea vibarua kanuni za usalama. Nimemuuliza kama kupumua inaruhusiwa.

Machi 24

Dada amelazwa. Chumba chake ni cha peke yake na mlango wa vioo viwili. Tunaongea naye kwa simu huku tunamwona. Anapewa dawa kali za kusafisha uboho wake wote, mbaya na mzuri, ili ibaki nafasi. Mpaka seli zangu ziingie atakuwa hana kinga yoyote. Daktari alilisema hilo mara mbili, mara ya pili akiniangalia mimi. Maana yake nimeielewa: sasa hakuna kurudi nyuma. Nikiugua au nikigongwa, nimeondoka naye.

Machi 26

Sindano ya kwanza ya kuziamsha seli shina zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Nesi alinichoma tumboni nikiwa bado najiandaa kuogopa. Nimevunjika moyo kidogo, nilikuwa nimeandaa uso.

Machi 27

Mifupa inauma. Kiuno, mapaja, hadi kidevu. Si maumivu ya kuumia, ni kama ndani ya mifupa kuna watu wanahamisha makabati. Nesi anasema ndiyo dalili nzuri. Nimefurahi kuumwa, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria.

Machi 28

Leo tumegombana, mimi na Meneja, ugomvi wa kweli.

Jua lilitoka asubuhi, la kwanza tangu sijui lini. Mwenye duka la dawa akanipigia simu, nikaona niende nikamalizie herufi zake chap chap kabla mawingu hayajarudi. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mdomoni, napiga mluzi, gari la Meneja likafunga breki chini yangu. Hakuzima hata injini.

"Shuka."

Nikamwambia bado herufi mbili. Akaishika ngazi kwa mikono miwili, si kuitikisa, kuishika tu, na uso wake ulikuwa na rangi nisiyoijua. Nikashuka. Pale barabarani, mbele ya wateja, akanisema. Kwamba nesi alinieleza bandama langu limevimba kwa sababu ya zile sindano, nikianguka linaweza kupasuka. Kwamba mimi maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kudandia mambo. Kwamba kwa siku hizi chache damu ile si yangu peke yangu.

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kinachomuuma ni kwamba alichaguliwa mwingine, na shati lake la kutokea likarudi kabatini bure.

Alibeba ngazi, akaifunga juu ya gari, akaniambia niingie. Njia nzima tulisikiliza mvua.

Machi 29

Sindano ya nne. Nesi ananipaka dawa, ananiambia kaka yangu ni mtu wa ajabu. Nikamwambia hilo nalijua, ni ajabu hasa. Akasema hapana, anazungumzia ile siku aliyorudi peke yake, kesho yake baada ya majibu, akaomba apimwe upya. Alikaa kwenye benchi tangu kufunguliwa. Walimweleza kwamba majibu hayatabadilika, akasema anaelewa, ila wapime. Wakapima. Yakawa yaleyale.

"Kumbe hukujua?" akauliza.

Sikujua. Nimerudi kwenye gari, Meneja alikuwa ananisubiri amenifungulia mlango kwa ndani. Nikamwambia naomba radhi kwa ya jana. Akasema nifunge mkanda.

Machi 30

Siku ya kuvuna. Nilikaa kwenye kiti cha kulalia, sindano nene huku na huku, damu inatoka mkono wa kulia, inaingia kwenye mashine inayozunguka, mashine inachuja inachokitaka, inayobaki inarudi mkono wa kushoto. Sikuweza kujikuna pua. Meneja alinikuna, kwa uso wa mtu anayekagua zege.

Mfuko ukajaa polepole juu ya kichwa changu. Nilijaribu kuitafutia jina rangi ile. Si nyekundu ya damu. Ni kama udongo wa tofali bichi uliochanganywa na maziwa kidogo. Nikiwahi kuichanganya rangi ile dukani, nitaiandikia kopo lake jina la Dada.

Fundi wa Leza alikuja mwenyewe kuchukua kidogo akapime. Akakaa huko muda mrefu. Aliporudi nilijua kwa jinsi alivyovua miwani kabla ya kuongea. Seli zenye thelathini na nne zipo, zinang'aa vizuri, ila hazitoshi kwa uzito wa Dada. Kesho tena. Sindano nyingine leo, na kama kesho hazitatosha itabidi wafikirie njia nyingine.

Nilijisikia kama niliyeitwa ubaoni nikakosa jibu. Dada yuko nyuma ya vioo viwili, uboho wake umefyekwa, na mimi nimeleta nusu gunia.

Mama alinipigia. Nikamweleza. Akasema nilipozaliwa nilichelewa pia, mkunga akamwambia asihangaike, mtoto anatafuta viatu.

Machi 31

ZIMETOSHA. Zimetosha na kubaki. Fundi wa Leza alikuja kwa kukimbia, mtu mzima na koti lake jeupe, akasimama mlangoni, akaonyesha dole gumba. Nesi alipiga makofi. Meneja akatoka nje ya chumba, akarudi na macho mekundu, akadai korido ina vumbi.

Jioni wakampandikizia Dada. Nilidhani patakuwa na upasuaji, taa kubwa, watu kumi. Wakatundika tu mfuko, wakafungulia mrija, ukashuka tone kwa tone kama dripu ya kawaida. Nilikuwa nimesimama nje ya kioo. Ningetaka angalau kengele. Dada akachukua simu, akasema anasikia ladha ya ajabu mdomoni, bila shaka ni mimi.

Nilimuuliza Fundi hizo seli zitajuaje njia ya kwenda kwenye mifupa. Akasema zinaijua zenyewe. Zinasafiri na damu mwili mzima, zikifika kwenye uboho zinashika ukuta, zinaingia ndani, zinakaa. Mimi hapa mjini napotea nikiambiwa kata kulia mara mbili.

Aprili 2

Chembe nyeupe za Dada: sifuri. Daktari anasema ni kawaida.

Aprili 4

Sifuri. Mvua.

Aprili 5

Sifuri.

Aprili 7

Homa. Imepanda tangu alfajiri. Vidonda mdomoni, hawezi hata kuongea na simu. Ameinua mkono tu nyuma ya kioo. Wamembadilishia dawa. Mama amekaa pale kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, hakubali kuondoka.

Aprili 8

Homa.

Aprili 10

Homa imeshuka kidogo. Sifuri bado. Nimeanza kuongea nazo kimoyomoyo. Nyinyi mlio huko, fanyeni kazi, msinitie aibu.

Aprili 14

Si sifuri tena!

Daktari anasema ni dalili tu, tusishangilie. Tumeshangilia. Meneja ameniendesha kutoka hospitali hadi nyumbani akipiga honi kila kona, na yeye ndiye anayewakataza madereva wake kupiga honi ovyo.

Aprili 15

Zimepanda.

Aprili 16

Zimepanda tena. Dada amekula uji, akaomba na chumvi, akaanza kulalamika mto ni mgumu. Mama anasema akilalamika amepona.

Aprili 27

Dada yuko nyumbani. Amepungua mpaka miguu imekuwa kama ya kiti, kichwa kiko wazi, ila ile sauti ya kuamuru imerudi nzima. Tumefua mapazia yote, tumefukuza paka. Meneja amebandika karatasi mlangoni: nani anaruhusiwa kuingia na lini. Kuna jina langu, la Mama na lake. Chini kabisa ameandika: wengine wote, hapana.

Mei 6

Nimechora bango la saluni ukumbini kwa fundi seremala, maana nje hakufai. Dada aliomba nimpigie picha nimtumie. Akajibu kwamba mstari wa chini umepinda. Nikaupima. Kweli umepinda.

Mei 14

Sijui nianzie wapi.

Wiki iliyopita Dada alitolewa uboho kidogo kiunoni, kuangalia maendeleo. Leo Daktari akatuita sote wanne. Tulikwenda tunacheka. Dada alikuwa amevaa kilemba kipya.

Daktari akasema damu inakwenda vizuri, ila kwenye uboho wameona kitu. Kuna seli changa nyingi zenye alama ya thelathini na nne, nyingi kuliko walivyotarajia.

Nilielewa kabla ya mwingine yeyote, na nilitamani nisingeelewa. Nilijiona nimerudi siku ile maabara nimesimama na mbwembwe zangu. Hiyohiyo, alisema Fundi.

"Za kwangu za zamani," Dada akauliza, "au za huyu?"

"Hapo ndipo sijui bado," akasema Daktari. Na nilimheshimu kwa hilo, hakuzunguka. Akaeleza kwamba baada ya kupandikizwa, uboho unaojijenga upya huwa umejaa seli changa zenye afya, na seli hizo zinafanana mno na za ugonjwa ule. Alama nyingine walizopima zinaelekea upande mzuri, lakini haziko wazi kiasi cha yeye kuapa. Na kama ni ugonjwa, maana yake umerudi mapema sana.

Akamaliza. Mama alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga. Dada ndiye akasema, kwa sauti yake ya kazini:

"Shamba moja, majirani wawili, na wote wamevaa kofia ileile. Utawatenganishaje?"

Daktari akatabasamu kidogo. Akasema wana bahati moja, kwamba aliyetoa ni mwanamume. Ndani ya kila seli ya mwanamume kuna kromosomu ambayo mwanamke hana. Watazitenga zile seli zenye thelathini na nne peke yake, wazifungue, waitafute. Ikiwemo, ni za kwangu. Isipokuwemo, ni za Dada, na tutazungumza upya. Majibu yatachukua kama wiki.

Nikabaki na Meneja kwenye gari, Mama na Dada walikuwa dirisha la dawa. Mvua ilimwagika hata hatukuiona hospitali. Hakuwasha gari. Mikono iko kwenye usukani, anatazama mbele kana kwamba anaendesha.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea," akasema. "Mama alikuwa kazini. Nilimshika mikono, nikarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Nimemtafutia shule, nimegombana na wanaume aliowakataa na waliomkataa. Kitu kimoja tu alichokuja kukihitaji kweli, mwilini mwangu hakimo."

Miaka yote nimedhani huyu mtu anapenda kuamrisha. Anaweka sheria, anabandika karatasi, anahesabu nani kaingia na nani katoka. Leo nimemwona ni mtu aliyekuwa ananyoosha mikono tu, anatafuta pa kushika.

Nikamwambia kama za kwangu zimekwama, basi hata mimi sina cha kumpa. Akanigeukia kwa ukali wake wa siku zote.

"Zako hazijakwama," akasema. "Wewe ni mbishi kupita kiasi."

Na akawasha gari.

Mei 15

Kila mtu nyumbani anatembea kama kuna mtu amelala.

Mei 16

Mvua. Dada anasoma ramani za zamani.

Mei 18

Nimempigia Fundi wa Leza. Akasema hawezi kuniambia kitu kwa simu, na hata angeweza, bado hana. Ila akaniambia kwamba sampuli wanaishughulikia yeye mwenyewe na Daktari, na kwamba anaiangalia kwa macho manne. Nikacheka kidogo. Nikamuuliza lile swali la Dada ambalo sikuwahi kumuuliza, seli moja ina protini hizo ngapi. Akasema maelfu kwa maelfu, zimetapakaa ngozi nzima. Nikampelekea Dada jibu. Akaliandika pembeni mwa ramani.

Mei 19

Dada ameniambia, tukiwa wawili tu jikoni, kwamba majibu yakiwa mabaya nisije nikajiona nimeshindwa. Nilikuwa namenya viazi. Nimemenya kiazi mpaka kikawa kama karanga.

Mei 21

Naandika hata viatu sijavua.

Walituita saa tatu. Si ofisini kwa Daktari, maabara. Nilipoona tunapelekwa maabara nikasema moyoni, habari mbaya hutolewa ofisini, kwenye viti. Nikaogopa hata kulifikiria zaidi nisiliharibu.

Daktari alikuwa amesimama kando ya ile mashine, na Fundi yuko kwenye kompyuta. Daktari hakungoja tukae, na viti havikuwepo.

"Ni za mdogo wako," akamwambia Dada. "Zote. Tumezitafuta za kwako, hatukuona hata moja."

Halafu akaendelea kueleza, na nadhani ni mimi tu niliyekuwa nasikia. Kwamba ule wingi ulikuwa ni haraka ya kujenga, vijana wameingia kwenye nyumba tupu na kila mmoja anataka kazi. Kwamba watakua, wataivua ile thelathini na nne, watakuwa damu, na wengine watabaki kuzaa wengine. Kwamba safari bado, vipimo vitaendelea, lakini leo hakuna ugonjwa wanaouona.

Mama aliuliza kwa utaratibu kabisa kama ina maana binti yake sasa ana damu ya kiume. Daktari akasema kwa namna fulani, ndiyo. Mama akafikiri, akasema basi mwisho wa mwezi kuna geti la kubeba na kisima cha kuchimba. Meneja akacheka. Alianza kwa kucheka, kikatoka kingine, akageuka akaegemea friji ya dawa, mabega yanatikisika, na Mama akaenda akamwekea mkono mgongoni, juu, mpaka pale anapofikia.

Fundi wa Leza akamwita Dada aje aone. Akageuza kompyuta. Kioo kilikuwa na vidoti, wingu zima la vidoti vya rangi ya chungwa, limekaa pembeni peke yake, mamia kwa mamia. Akaeleza kwamba kila kidoti ni seli moja iliyopita mbele ya leza ikang'aa. Dada akasogeza uso karibu. Alikaa hivyo muda mrefu, kama anavyokaa kwenye vyombo vyake akitafuta jiwe la mpaka lililofunikwa na majani, na safari hii hakutafuta kosa lolote.

"Hawa wote ni huyu?"

"Wote ni huyu," Fundi akasema.

Dada akanyoosha kidole akagusa kioo, taratibu, kidoti kimoja, kisha kingine. Hakuniangalia mimi. Aliwaangalia wao.

"Mmekuwa wengi," akasema. "Karibuni."

Vidoti haviwezi kujibu. Nikaitika mimi, kwa niaba ya wote:

"Tumeshakaribia, Dada."